Istanbul na Bara la Tatu

Miji michache duniani imesifiwa kwa mahali ilipojengwa kama ulivyosifiwa mji wa Istanbul. Vitabu vya wasafiri hufungua kwa sifa moja: mji mmoja, mabara mawili; upande huu Ulaya, upande ule Asia, na katikati maji ya Mlango wa Bosphorus, ambao urefu wake ni kama kilomita 30, na mahali pake pembamba kabisa hapapati hata kilomita moja. Mgeni hupanda feri Eminönü akiwa Ulaya, akashuka Üsküdar akiwa Asia, na chai aliyoinunua ndani ya chombo bado yatoa mvuke. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini hesabu yake imepunguka, na upungufu huo ndio ninaotaka kuuonyesha. Mji wa bandari haupimwi kwa pwani mbili zinazotazamana tu. Hupimwa pia kwa shehena iliyoshushwa katika magati yake, na kwa watu walioshushwa pamoja na shehena hiyo. Kwa kipimo hiki Istanbul ni mji wa mabara matatu, na bara la tatu ni Afrika.

Kwa wasomaji wa Kiswahili mji huu si mgeni. Utendi wa Tambuka, ambao hati yake ya mwaka 1728 ni miongoni mwa hati za kale kabisa zilizosalia za lugha yetu, wasimulia habari za Herekali, mfalme wa Rumi, na vita vya Waislamu juu yake. Rumi hiyo si Roma ya Italia. Ni dola ya Warumi wa mashariki, ambayo makao yake makuu yalikuwa Constantinople, jina la zamani la mji huu; na Herekali ndiye Kaisari Heraclius, aliyetawala tangu 610 mpaka 641. Watu wa Pate walikuwa wakimsikia mfalme wa mji huu akitajwa katika tungo zao kabla ramani ya Ulaya haijatundikwa katika darasa lo lote la pwani yetu. Tutarejea kwake baadaye, maana yako mambo yaliyompata ambayo mtunzi wetu hakuwa na haja ya kuyatia katika shairi.

Shahidi wa pili ni Ibn Battuta. Msafiri huyu wa Tangier alifika Mombasa na Kilwa mnamo 1331, na miaka michache baadaye akaingia Constantinople katika msafara wa mke wa Uzbek Khan, mtawala wa Watatari, ambaye kwa maelezo yake alikuwa binti wa Kaisari. Basi macho yale yale yaliyoitazama Kilwa yaliutazama na mji huu, nasi watu wa pwani twalitumia jambo hili kidogo kuliko inavyofaa. Langoni mwa ikulu alipekuliwa, asije akawa ameficha kisu. Aliona masoko mapana yaliyosakafiwa kwa mawe, na mafundi na wachuuzi ambao wengi wao walikuwa wanawake. Kanisa kuu la Hagia Sophia hakuliingia, kwa sababu kila aingiaye alitakiwa kuusujudia msalaba. Akaridhika kulieleza kwa nje. Akaandika kwamba mji ulikuwa na pande mbili zilizotengwa na mto mkubwa wenye kujaa na kupwa: upande mmoja uliitwa Astanbul, na wa pili Galata, ambako Wafaranji walikaa. Maji aliyoyaita mto ni ghuba ya Pembe ya Dhahabu, ambayo Waturuki huiita Haliç, nalo ni neno la Kiarabu lenye maana ya ghuba.

Msomaji na atazame yaliyomo katika ushahidi huo. Pande mbili za mji, kwa Ibn Battuta, zilikuwa Astanbul na Galata, na zote mbili zi katika Ulaya. Habari ya Ulaya na Asia kukutana haikumshughulisha. Kilichomshughulisha ni ghuba, merikebu, na nani amekaa upande gani wa bandari. Tena, jina la Istanbul lilikuwa vinywani mwa watu zaidi ya miaka mia moja kabla ya mji kutwaliwa na Waturuki mwaka 1453, na wale wafundishao kwamba jina hilo lililetwa na ushindi huo hawana budi kufikiri upya. Aghalabu wanaisimu hulitoa katika maneno ya Kigiriki yenye maana ya "kwenda mjini", kama mtu wa shamba Unguja asemavyo kwamba anakwenda mjini, wala haulizwi ni mji gani. Serikali ya Uturuki ililifanya kuwa jina la pekee katika mambo ya posta mwaka 1930, na tangu hapo mataifa mengine yakalifuata.

Atakaye kuufahamu mji huu na aanze matembezi yake majini, kabla ya kuinua macho kutazama makuba. Maji ya juu ya Bosphorus hushuka kutoka Bahari Nyeusi kuelekea Bahari ya Marmara. Na chini yake mkondo wa pili, wa maji mazito yenye chumvi nyingi, hupanda kwenda kaskazini. Mtaliana Luigi Ferdinando Marsigli alilithibitisha jambo hili kati ya 1679 na 1680 kwa kushusha kamba iliyofungwa vipande vya kizibo vilivyopakwa rangi nyeupe. Ilipofika kina fulani, vipande vile viligeuka vikaelekea upande wa pili. Wavuvi wa mahali pale walikuwa wakilijua siku nyingi, kama ilivyo kawaida ya wavuvi na wataalamu.

Mkondo wa juu ndio uliochagua mahali pa mji. Wagiriki wa Megara, katika karne ya 7 K.K., walijenga kwanza Chalcedon upande wa Asia, mahali paitwapo sasa Kadıköy. Byzantion, upande wa Ulaya, ulifuata baadaye. Herodotus ataja miaka 17. Yeye huyo asimulia kwamba Megabazus, jemadari wa Kiajemi, aliwaita watu wa Chalcedon vipofu, kwa kuwa waliacha mahali bora palipokuwa mbele ya macho yao. Polybius aeleza sababu yake: mkondo humsukuma nahodha mpaka Byzantion apende asipende, ilhali kuifikia Chalcedon ni kushindana na maji. Strabo aongeza kuwa hata samaki washukao kutoka Bahari Nyeusi hushtushwa na jabali jeupe karibu na Chalcedon, wakageukia Byzantion na kujaa katika Pembe ya Dhahabu. Mji uliopewa samaki na merikebu bila ya jasho haukuhitaji bahati nyingine.

Je, maji haya yalitenga mabara? Mwaka 626 swali hili lilijibiwa kwa vita. Waajemi walipiga kambi Chalcedon, na wenzao Waavari waliuzingira mji kwa upande wa Ulaya. Kaisari Heraclius mwenyewe alikuwa mbali vitani. Majeshi mawili yalitenganishwa na maji ambayo feri ya leo huyavuka kwa muda wa kunywa kikombe kimoja. Lakini Waajemi hawakuwa na merikebu. Waslavi, waliokuwa pamoja na Waavari, walijaribu kwa mitumbwi yao katika Pembe ya Dhahabu, wakaangamizwa na manowari za Warumi. Jeshi la Waajemi likabaki kuutazama mji kama mtoto atazamavyo embe lililo ndani ya ua wa jirani, kisha likaondoka. Mlango huu wa bahari ulikuwa ukuta kwa asiye na chombo, na njia kwa mwenye nacho. Daraja la kwanza la kudumu juu ya Bosphorus lilifunguliwa mwaka 1973, la pili 1988, la tatu 2016. Kabla ya hapo zaidi ya karne 25 zilipita, na vivuko vilitosha.

Nayasema haya kwa sababu sisi wanafunzi wa historia ya pwani twaijua sana hadithi ya daraja. Kwa muda mrefu miji yetu iliandikwa kuwa ni mahali Afrika ilipokutana na Arabuni, kana kwamba wenyeji walikuwa mbao za kukanyagwa na wapitao. Daraja halipiki, halisali, wala halisemi lugha. Istanbul nao umeonewa kwa tashbihi hiyo hiyo: ukiitwa daraja la Mashariki na Magharibi, mtu hasumbuki tena kuuliza ni nini kilichoshushwa hapo, kilitoka wapi, na nani aliyekichukua mgongoni. Basi tushuke kwenye feri, tuulize hayo.

Katika uwanja wa kale wa mashindano ya farasi, mbele ya msikiti wa Sultan Ahmed uliojengwa kati ya 1609 na 1617, umesimama mnara wa jiwe moja wenye maandishi ya Kimisri. Watalii hupiga picha msikiti wenye minara sita, kisha hugeuka kulitazama jiwe hili kwa dakika mbili. Ni kitu cha kale kuliko vyote mjini vilivyosimama wima. Lilichongwa kwa amri ya Firauni Thutmose wa Tatu katika karne ya 15 K.K., likawekwa katika hekalu la Karnak. Likachukuliwa Alexandria, likakaa huko miaka mingi, na mwaka 390 Kaisari Theodosius akalisimamisha hapa. Lililosalia ni sehemu ya juu tu, kama mita 20. Chini yake ni kitako cha marumaru kilichonakshiwa sura ya Kaisari akitazama michezo, na sura za watu wakilivuta jiwe lenyewe kwa kamba na mitambo. Maandishi ya Kilatini yasema kazi ya kulisimamisha ilichukua siku 30. Ya Kigiriki, upande wa pili wa kitako hicho hicho, yasema siku 32. Mwanafunzi anayeamini kwamba kilichoandikwa juu ya jiwe hakina ubishi aletwe hapa.

Mwendo mfupi kutoka hapo iko nguzo ya Constantine, iliyosimamishwa mwaka 330, alipouzindua mji kuwa makao yake tarehe 11 Mei. Imejengwa kwa mapande ya jiwe la zambarau ambalo Warumi walilipata mahali pamoja tu: katika milima ya jangwa la mashariki ya Misri, kati ya Mto Nile na Bahari ya Sham. Jiwe hilo ndilo la nguzo nane zilizo katika pembe za ukumbi wa Hagia Sophia. Jengo hilo, lililosimamishwa na Justinian kwa muda wa miaka mitano tangu 532 mpaka 537, limekuwa kanisa, likawa msikiti mwaka 1453, likafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1935, na mwaka 2020 likarudishwa kuwa msikiti. Kila badiliko limeandikiwa mengi, kwa furaha na kwa uchungu, nami sitayaongeza. Tangu 2024 wageni wasiokuja kusali huongozwa roshani ya juu. Na kutoka huko, wakiinama kidogo, huziona nguzo zile za zambarau zikibeba matao chini yao. Wakuu wa dini walibadilika; jiwe la Afrika halikuulizwa.

Lakini mawe ni mapambo, na mji haushibi mapambo. Constantine alipouanzisha mji aliweka desturi ya kuwagawia raia mkate bure, na posho zilizoandikwa zilikuwa 80,000 kila siku. Ngano yake ilitoka bonde la Nile. Kila mwaka merikebu ziling'oa nanga Alexandria, zikapanda kaskazini dhidi ya upepo wa kiangazi uvumao kutoka upande ule ule ziendako. Aijuaye kaskazi na kusi hahitaji kuelezwa taabu yake. Mara nyingi zilizuiwa mbele ya Mlango wa Dardanelles, zikingoja upepo ugeuke huku ngano ikiharibika ngamani. Justinian akajenga ghala kubwa katika kisiwa cha Tenedos, karibu na mdomo wa mlango huo, ili merikebu zishushe shehena hapo na kurudi Misri kwa safari nyingine bila ya kungoja; vyombo vingine viliipeleka ngano mjini upepo ulipokubali. Procopius ndiye atupaye habari hizi, nazo zafaa kuwekwa mbele ya habari zote za makuba, kwa kuwa mafundi waliojenga kuba la Hagia Sophia nao walikula.

Bandari mojawapo iliyopokea ngano hiyo ilipotea machoni mwa watu kwa karne nyingi. Ilikuwa upande wa kusi wa mji, katika pwani ya Marmara, nayo ilijengwa mwishoni mwa karne ya 4 na yule yule Theodosius wa mnara wa Kimisri. Kijito cha Lycus kiliijaza tope kidogo kidogo mpaka ikawa nchi kavu. Watu wakalima mboga juu yake, na mahali hapo, Langa, pakajulikana kwa matango. Mwaka 2004, mafundi wa reli ya Marmaray, iliyokusudiwa kupita chini ya Bosphorus, walipochimba hapo Yenikapı kwa ajili ya stesheni, walikuta mbao. Uchimbaji wa wanaakiolojia ukaendelea mpaka 2013, na mabaki ya vyombo 37 yakafunuliwa, vya tangu karne ya 5 mpaka ya 11: merikebu za shehena na manowari za makasia. Chombo kimoja cha karne ya 9 kilizama na mitungi yake, na katika sehemu ya nahodha vyombo vyake vya kupikia na kikapu chenye kokwa za cheri. Chini ya bandari, katika udongo wa kale zaidi, zikaonekana nyayo za watu walioishi hapo yapata miaka 8,000 iliyopita, kabla maji ya bahari hayajapanda.

Wakubwa wa reli walilalamika kwamba vigae vinaichelewesha kazi, na kweli reli ilichelewa miaka minne. Ilifunguliwa tarehe 29 Oktoba 2013. Mimi naona ucheleweshaji huo ulikuwa na haki. Njia mpya ya kuunganisha mabara mawili ilisimamishwa na bandari iliyokuwa imeunganisha mji na la tatu.

Sasa turejee kwa Herekali wetu. Ni katika utawala wake desturi ya mkate wa bure ilipokoma, mwaka 618, na mwaka uliofuata Alexandria ikaanguka mikononi mwa Waajemi. Aliirudisha Misri baada ya kuwashinda, lakini mwaka aliokufa Waarabu walikuwa wamekwisha kuiingia, na haikurudi tena kwa Warumi. Utendi wamwonyesha mfalme mwenye majeshi yasiyohesabika. Historia yamwonyesha mfalme aliyeinunua nusu ya milki yake kwa damu na kuipoteza kabla kaburi lake halijachimbwa. Mji wake ulipungua watu, mitaa ikageuka mashamba, nao ukajifunza kula ngano ya Thrace na ya pwani za Bahari Nyeusi. Kwa kiasi cha miaka 900 Afrika ilikuwa mbali na magati ya Constantinople.

Miaka hiyo ina mambo makuu, nami nitayapita upesi kwa kuwa yanasimuliwa kila mahali. Mnyororo wa chuma ulitandazwa katika mdomo wa Pembe ya Dhahabu wakati wa hatari. Wanamsalaba waliuvunja mwaka 1203, na mwezi wa Aprili 1204 wakaupanda ukuta wa upande wa ghuba kwa madaraja yaliyoning'inizwa katika milingoti ya merikebu za Venice. Wakaupora mji vibaya kuliko adui ye yote aliyetangulia. Watu wa Genoa walipewa Galata mwaka 1267, wakajenga mnara wao mwaka 1348. Na mwanahistoria wa siku hizo, Nikephoros Gregoras, aliandika kwamba ushuru wa Galata ulifika vipande 200,000 vya dhahabu kwa mwaka, na wa Kaisari, katika bandari hiyo hiyo moja, haukufika hata 30,000. Mji wenye hesabu ya namna hiyo umekwisha kutekwa kabla ya mzinga kulia. Mwaka 1453 Sultan Mehmed wa Pili, kijana wa miaka 21, hakuuvunja mnyororo. Aliburura kama merikebu 70 juu ya magogo, zikapita nyuma ya Galata na kutumbukia ghubani. Mji ukaanguka tarehe 29 Mei.

Bara la tatu lilirudi mwaka 1517, Sultan Selim alipoitwaa Misri. Tangu hapo hazina ya kila mwaka ilitoka Cairo kwenda Istanbul, pamoja na mchele, sukari, na bidhaa zilizopitia Bahari ya Sham. Msanifu Sinan, alipoujenga msikiti wa Süleymaniye kati ya 1550 na 1557, aliweka nguzo nne kubwa za jiwe la matale. Katika kumbukumbu alizomsomea mshairi rafiki yake azitaja zilikotoka, na moja ilikuja kwa merikebu kutoka Alexandria. Chini ya kilima hicho, karibu na gati la Eminönü, liko soko la viungo lililomalizika katika miaka ya 1660. Wageni huliita Soko la Viungo. Waturuki huliita Mısır Çarşısı, yaani Soko la Misri. Mgeni mwenye pua ya pwani atajua iliki, mdalasini, karafuu na bizari kabla hajaonyeshwa.

Neno hilo la Misri lina mchezo wake. Kwa Kituruki mahindi nayo huitwa mısır. Mmea huo, kama tujuavyo sote, asili yake ni Amerika. Waturuki wakautolea jina Misri, nasi tukautolea jina Uhindi. Kila mmoja aliita chakula kigeni kwa jina la nchi ambayo aliona vitu vigeni hutoka. Sijui ushahidi ulio mwepesi zaidi wa kuonyesha jinsi watu wa bandari wanavyoichora dunia.

Karibu na soko hilo, katika mtaa wa Tahtakale, ndiko ilikofunguliwa migahawa ya kwanza ya kahawa ya mji, katika miaka ya 1550, na wafanya biashara wawili kutoka Halab na Damascus. Wanachuoni waliiharimisha, masultani wengine waliipiga marufuku, na watu waliendelea kunywa. Buni ililetwa kutoka Yemen kwa njia ya Misri, na mti wake asili yake ni misitu ya Uhabeshi.

Kutoka Uhabeshi walikuja na watu. Hapa ndipo mtembezi atokaye Afrika hapaswi kupita upesi, ingawa njia ya wageni katika jumba la Topkapı humharakisha. Akiingia sehemu ya nyumba za wake wa Sultan, kabla ya kufika katika vyumba vyenye vigae vya buluu, hupitia ua mwembamba wenye vyumba vidogo vya ghorofa upande mmoja. Hapo walikaa matowashi weusi, walinzi wa nyumba hiyo. Walichukuliwa wakiwa watoto, wengi kutoka Uhabeshi na Sudan. Walihasiwa njiani, aghalabu katika Misri ya Juu, na wengi walikufa kwa jeraha hilo. Waliosalia walifundishwa adabu za ikulu, wakapewa majina mapya, mara nyingi majina ya maua na manukato. Watumwa wengine wa Kiafrika, wanaume kwa wanawake, waliuzwa katika soko la mji kwa kazi za nyumbani. Soko hilo lilifungwa katika miaka ya 1840 kwa amri ya Sultan Abdülmecid, na mwaka 1857 ikatoka amri ya kukataza biashara ya Waafrika, isipokuwa katika Hijazi. Uwazi huo wa Hijazi haukuwa mdogo: ndio uliopitisha watu kwa miaka mingi zaidi, wakiwemo baadhi ya waliotoka pwani zetu.

Mkuu wa matowashi weusi hakuwa mtu mdogo. Tangu miaka ya 1580, wakati wa Mehmed Ağa Mhabeshi, alisimamia nyakfu za Makka na Madina katika milki nzima, na nyakfu hizo zilikuwa na mashamba mengi Misri. Basi mtu aliyeuzwa katika Mto Nile akiwa mtoto aliweza kuishia kuwa mpokeaji wa nafaka ya Mto Nile. Mawaziri walinyanyuka na kuanguka kwa neno lake. Naye alipoondolewa katika kazi, desturi ilikuwa kupelekwa Cairo kumalizia maisha. Wako waandishi wanaoyataja mamlaka hayo kama kwamba yanapunguza uzito wa jambo la kwanza. Hayapunguzi. Wako na wanaotaja lile la kwanza peke yake, wakawaacha watu hawa bila ya jina wala kazi, kama kwamba maisha yao yalikwisha siku walipokatwa. Hao nao wanawaibia mara ya pili.

Aliyedumu kuliko wengi ni Hacı Beşir Ağa, mzaliwa wa Uhabeshi, aliyeishika kazi hiyo tangu 1717 mpaka kufa kwake mwaka 1746, karibu miaka 30. Alijenga misikiti, madrasa na maktaba katika miji kadhaa. Jengo lake la 1745 liko mkabala na lango la Bab-ı Âli, kiti cha serikali ya Waziri Mkuu, katika mtaa ambao watalii huupita wakishuka kutoka Hagia Sophia kuelekea feri. Ni msikiti mdogo, na kisima cha maji ya sadaka pembeni. Vitabu vyake vya maktaba ya hapo vimehifadhiwa sasa katika Maktaba ya Süleymaniye, katika mkusanyo unaoitwa kwa jina lake, na wanafunzi wa fiqhi na tafsiri huviomba na kuvisoma.

Hakuzikwa hapo. Feri ya Pembe ya Dhahabu hupanda ghuba mpaka karibu na mwisho wake, ambako ni mtaa wa Eyüp, mahali pa kaburi la Abu Ayyub al-Ansari, Sahaba aliyempokea Mtume nyumbani kwake Madina na akafa katika mazingiwa ya mji huu katika karne ya 7. Wakuu wa dola walishindana kupata shimo la kuzikwa karibu naye, na mlima wote umejaa mawe ya makaburi yenye vilemba. Kaburi la Beşir Ağa li katika safu ya mbele, jirani na la Sahaba.